Mhubiri kwa Aliyechoka: Namna ya Kukisoma Kitabu Kigumu Ukatoka na Nguvu

Mtu akifiwa, akifilisika au akichoshwa na kazi isiyoisha, wengi wetu humfungulia Zaburi. Si vibaya. Lakini wapo ambao faraja ya haraka huwachosha zaidi. Unamwambia mara ya nne kwamba yote yatakuwa sawa, naye anakutazama tu. Mtu wa namna hiyo mfungulie Mhubiri, kitabu cha Biblia ambacho wahubiri wengi hukigusa mara mbili tu: sura ya 3 kwenye misiba, sura ya 12 kwenye semina za vijana.

Najua sifa yake. Kinaanza na ubatili mtupu, na sura inayofuata mwandishi anasema aliyachukia maisha. Moyo utatoka wapi humo? Msimamo wangu ni huu: Mhubiri hakutii moyo kwa kukuahidi kwamba mambo yatanyooka. Anakutua mzigo ambao hukupaswa kuubeba, ule wa kutaka jasho lako lizae faida isiyopotea kamwe. Ukishautua, anakuonyesha vilivyobaki mkononi: chakula cha leo, kazi ya leo, mwenzako, usingizi. Anasema hivyo vimetoka kwa Mungu. Basi. Kwa aliyechoka kweli, hiyo inatosha kumwinua kitandani.

Nimeandika nikiwafikiria watu wa Kigoma: wavuvi na wachuuzi wa dagaa wa Kibirizi na Katonga, wakamuaji wa mawese, vibarua wa bandarini, walimu wa vijijini, akina mama wenye vibanda sokoni Mwanga. Msomaji wa Tabora ataweka asali na tumbaku mahali pa dagaa na mawese.

Vitu vya kuandaa

Biblia, daftari, na kalamu mbili za rangi tofauti. Kama una tafsiri ya Union Version, anza nayo. Ukiweza kuazima ya Habari Njema iwe ya kulinganishia aya zinazokukwama, vizuri zaidi. Biblia ya kwenye simu inafaa, ila zima data kwanza. Mhubiri yuko kati ya Mithali na Wimbo Ulio Bora, na ana sura 12 zenye aya 222.

Hatua ya kwanza: kisome chote kwa mara moja, kwa sauti

Kitabu kizima husomwa kwa sauti kwa chini ya saa moja. Tafuta Jumapili mchana watu wakiwa wamelala, au usiku umeme ukikatika na taa ya sola ikiwepo. Usipige mistari bado wala usisimame kwenye aya ngumu. Soma tu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu Mhubiri ndiye huharibika kuliko wenzake akisomwa kwa aya mojamoja. Ukichomoa 1:2 (yaani sura ya 1, aya ya 2) peke yake unapata huzuni, na ukichomoa 10:19, ile ya fedha kuleta jawabu la mambo yote, unapata kauli ya kubandika kwenye bodaboda. Mwandishi huyu anazunguka. Anasema jambo, analipinga, analirudia kwa upande mwingine. Ukimkatiza katikati utadhani amemaliza.

Utakutana mapema na aya ya 1:7, isemayo mito yote huingia baharini na bahari haijai. Mtu wa Kigoma ana haki ya kutabasamu hapo. Malagarasi na Rusizi humwaga maji Ziwa Tanganyika mwaka mzima, na sehemu kubwa ya maji hayo huchukuliwa na jua, mengine yakitokea mto Lukuga upande wa Kongo. Hata hivyo miaka ya karibuni wakazi wa mwambao wameliona ziwa likipanda na kuingia majumbani. Usibishane na Mhubiri kuhusu vipimo vya maji. Anazungumzia kazi isiyofika mahali pa kusema "imekwisha", na hilo kila mfua nguo analijua.

Hatua ya pili: mjue anayesema

Kitabu kina sauti mbili. Ya kwanza ni ya Mhubiri mwenyewe, anayejitambulisha kuwa alikuwa mfalme katika Yerusalemu. Ya pili inamtambulisha mwanzoni kabisa, kisha inarudi 12:9 kumzungumzia kama mtu mwingine: alifundisha watu, alitafuta maneno ya kupendeza. Mapokeo yanasema ni Sulemani. Jina hilo halimo ndani ya kitabu, na wataalamu wengi wa Kiebrania huona lugha yake ni ya karne za baadaye. Vipande vyake vya kale zaidi vilivyopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, ni vya karne ya 2 kabla ya Kristo. Usipoteze jioni nzima kwa ubishi huo. La kushika ni kwamba anayesema mali haitoshi ni mtu aliyeipata: nyumba, mashamba ya mizabibu, mabwawa, watumishi, waimbaji, fedha na dhahabu. Akisema hivyo aliyekosa, tungesema ana wivu.

Kuna jambo jingine la kukutuliza. Wayahudi wana desturi ya kukisoma kitabu hiki katika Sikukuu ya Vibanda, sikukuu ya mavuno na ya furaha. Walimu wao wa zamani waliwahi kujadiliana kama kistahili kuhesabiwa miongoni mwa maandiko matakatifu. Walikibakiza, tena wakakipa nafasi kwenye sherehe. Kwa hiyo ukihisi ugumu wake unachanganyika na raha, hujapotea njia.

Hatua ya tatu: tafuta vituo saba

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa usiharakishe. Chukua kalamu ya kwanza upige mstari chini ya mahali saba ambapo Mhubiri anasimama na kuisema furaha: 2:24–26, 3:12–13, 3:22, 5:18–20, 8:15, 9:7–10 na 11:7–10. Kwa kalamu ya pili, weka alama kwenye lile jambo zito linalotangulia kila kituo. Ukifanya hivyo utaona kwamba furaha haiji ghafla. Kila mara inatokea pale pale giza lilipokolea.

Kituo cha kwanza kinafuata jaribio la mfalme. Amejenga, amekusanya, kisha linamshika wazo moja baya: haya yote nitamwachia mtu wa baadaye, na nani ajuaye kama atakuwa mwenye hekima au mpumbavu? Sisi mfano wa swali hilo tunao ziwani. Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe wakiwa wamepaka mitambo yake grisi, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, ikawabeba watu ambao waliopaka ile grisi hawakuwafikiria kamwe. Mhubiri angesema: umeona? Kisha angesema kilichoandikwa 2:24, kwamba mtu ale, anywe, aione kazi yake kuwa njema, maana hata hilo latoka mkononi mwa Mungu. Neno "hata hilo" litilie maanani. Fundi aliyekaza ribiti za Liemba na akala chakula chake cha mchana kwa amani hakupoteza kitu siku ile.

Cha pili na cha tatu viko sura ya 3, baada ya lile shairi la majira lenye jozi 14, kama wakati wa kuzaliwa na wakati wa kufa. Watu hulisoma kama shairi la kutuliza. Kwangu ni kali. Halisemi utachagua majira yako, linasema majira yapo. Mvuvi wa dagaa anajua: usiku wa giza taa hukusanya samaki, mbalamwezi ikipevuka nyavu hupumzika, upende usipende. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, wengi walikaa miezi 3 wakijiuliza watakula nini. Kwa mtu wa hali hiyo, 3:11 haijibu suala la unga. Inachosema ni kwamba kila kitu kina uzuri kwa wakati wake, na kwamba binadamu hawezi kuiona kazi ya Mungu tangu mwanzo hata mwisho. Kutoiona si kosa lako. Kituo cha 3:22 kinakuja baada ya maneno mazito zaidi, ya mtu na mnyama kwenda mahali pamoja, mavumbini.

Cha nne kinafuata habari za fedha. Tajiri halali, kibarua analala usingizi mtamu, awe amekula kidogo au kingi (5:12). Yupo pia aliyepoteza mali yote kwa jambo baya moja, na mtoto amezaliwa, mkononi hana kitu. Aya hizo zisome taratibu kama mtaji wako umeungua.

Cha tano kinaudhi, na kiache kiudhi. Waovu wanazikwa kwa heshima, hukumu inacheleweshwa mpaka watu wanapata ujasiri wa kutenda mabaya, mwenye haki anapata yaliyomstahili mwovu. Mhubiri halainishi. Anaisifu furaha hapo hapo, bila kusema dhuluma imekwisha.

Cha sita ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kifo kimetajwa kuwa cha wote, mbwa hai ameitwa bora kuliko simba aliyekufa, halafu sauti inabadilika: "Enenda zako, ule chakula chako kwa furaha." Mavazi yawe meupe, kichwa kisikose marhamu, uishi kwa furaha na mke umpendaye, na lolote mkono wako utakalolipata kulifanya, ulifanye kwa nguvu zako. Cha saba kinamgeukia kijana, kabla ya shairi la uzee.

Sasa rudi vyote saba uvisome mfululizo. Mwanzoni Mhubiri anaona tu: hakuna jema zaidi ya hili. Katikati anaisifu furaha. Mwishoni anaamuru: enenda, ule, ufurahi. Kadiri anavyozidi kukikaribia kifo ndivyo anavyozidi kusisitiza furaha. Hiyo ndiyo njia ya kitabu, na asiyepiga mistari haioni kwa urahisi.

Hatua ya nne: mletee jambo moja tu

Usimletee maisha yako yote. Andika kwenye daftari sentensi moja: "Kinachonichosha ni…" Kisha nenda kwenye sehemu inayohusika na ukae nayo siku kadhaa.

Kama ni ushindani wa kazi na majirani, soma 4:4–6. Anasema bidii nyingi huzaliwa na wivu, lakini pia mvivu anajila mwenyewe. Katikati anaweka konzi moja (ujazo wa kiganja) yenye utulivu kuwa bora kuliko konzi mbili zenye taabu. Mchuuzi anayekopa kwa riba ili kibanda chake kipite cha jirani ajiulize hapo.

Kama ni woga wa kuanza upya, nenda 11:1–6. Anayeuangalia upepo hatapanda, na anayeyatazama mawingu hatavuna. Hapa naweka tahadhari kwa watu wa ziwani: aya hii si ruhusa ya kupuuza utabiri wa hali ya hewa. Miezi ya kiangazi upepo wa kusini huchafua ziwa, na mawimbi hayajali aya. Mhubiri anamsema anayesubiri siku isiyo na shaka hata kidogo, siku ambayo haipo. Tena aya ya 2 inashauri kugawa sehemu kwa watu saba, hata wanane, kwa kuwa hujui baya litakalotokea. Wengine husoma hapo ukarimu, wengine busara ya biashara, yaani usipakie mzigo wako wote kwenye boti moja. Mimi naona yote mawili yanafaa.

Kama ni kumbukumbu za zamani, siku zile biashara ilipokuwa nzuri, 7:10 itakukemea kwa sentensi moja. Usiirefushe.

Kama ni dhuluma, soma 4:1. Ameona machozi ya walioonewa, na mara mbili anasema hawakuwa na mfariji. Hatoi suluhisho. Faida yake ni kwamba machozi yako yamo ndani ya Maandiko, hayakufutwa ili ibada ipendeze.

Kama ni maneno ya watu, 7:21–22 ina tiba yenye ucheshi: usisikilize kila kinachosemwa, usije ukamsikia mtumishi wako akikulaani, nawe moyoni wajua umewalaani wengine mara nyingi.

Hatua ya tano: geuza kituo kiwe tendo la siku

Kusoma peke yake hakutoshi, na Mhubiri mwenyewe anasema kusoma sana huuchosha mwili. Kwa wiki moja, kila siku fanya tendo moja lililotoka kwenye vituo. Kula ugali wa muhogo na migebuka mkiwa mmekaa pamoja, simu zikiwa chumbani, na umtaje Mungu kwa chakula hicho bila kuongeza orodha ya maombi. Oga, paka mafuta, vaa nguo safi siku usiyotoka kwenda popote. Chagua kazi moja iliyo karibu na mkono, kushona wavu, kusahihisha madaftari, kupalilia mstari mmoja wa michikichi, uifanye vizuri mpaka mwisho. Lala mapema siku moja bila kupiga hesabu za madeni kitandani. Jioni andika mstari mmoja tu: nini kilikuwa kizuri kwa wakati wake. Ukikosa cha kuandika, andika umekosa. Siku kama hizo zimo kitabuni.

Hatua ya sita: msisome peke yenu muda mrefu

Sura ya 4 inasema wawili ni afadhali kuliko mmoja, maana mmoja akianguka mwenzake atamwinua. Basi baada ya wiki ya kwanza kitafutie kikundi: jumuiya ndogo ndogo, kanisa la nyumbani, hata majirani watatu wa madhehebu tofauti. Msome sura moja kila mkutano. Anayeongoza aulize maswali mawili tu: Mhubiri ameona nini hapa? Wewe umeliona hilo wapi Kigoma? Halafu anyamaze. Kikundi kisichozoea kimya kitataka kukijaza kwa pambio, zuia kidogo. Sura ya 5 inashauri maneno yawe machache mbele za Mungu, na huo ni ushauri mzuri kwa mwenyekiti pia.

Msibani, angalieni. 7:2 inasema ni heri kwenda nyumba ya matanga kuliko ya karamu. Aya hiyo inamfaa anayekwenda kutoa pole, si mfiwa. Usimsomee mama aliyempoteza mtoto juzi. Kaa naye, osha vyombo, chota maji. Aya itapata wakati wake, kama itaupata.

Na hili ni zito kuliko yote. Mhubiri ana maneno ya kuwasifu waliokufa kuliko walio hai (4:2–3). Mtu mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake na kurasa hizo. Muulize waziwazi, usimwache, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Maweni, na awepo ndugu wa kulala naye. Maombi yaende pamoja na matibabu. Kuugua moyo si kukosa imani.

Mitego michache

Kuna wanaoichukua 11:1, chakula kilichotupwa usoni pa maji, na kuifanya kanuni ya sadaka: toa hiki, utapata mara mia. Kitabu kinachosema wakati na bahati huwapata wote (9:11) hakiwezi kuwa cha kanuni hiyo. Kuna wanaoitumia 7:16, usiwe na haki kupita kiasi, kuhalalisha ulevi. Waambie wasome aya ya 17. Kuna pia wanaoruka kwenye 12:13, kumcha Mungu na kuzishika amri zake, wakisema hiyo ndiyo jibu, sura 11 za kwanza ni makosa ya mwandishi. Hapana. Ile sauti ya pili, mwishoni, inasema maneno ya Mhubiri ni ya kweli, na ni kama michokoo, yaani fimbo zenye ncha za kuswagia ng'ombe. Mchokoo unauma. Ulikusudiwa uume.

Sura ya 12 msiisome bila wazee. Waulizeni wao walinzi wa nyumba wanaotetemeka ni nini, wasagao walio wachache ni nini, wachunguliao madirishani ni nini. Watacheka, watawaonyesha mikono, meno na macho yao, na somo litakuwa limeongozwa na wenye nalo. Mkikimaliza, nendeni Ayubu, ambako hasira ni nyingi zaidi, au Warumi 8:20, ambapo Paulo anaandika kwamba viumbe vyote vilitiishwa chini ya ubatili, tena katika tumaini. Wakristo wa kikundi watataka kufika huko mapema. Wacheleweshe mpaka vituo vyote saba viwe vimepigiwa mstari.